Nani apige jua likizama? Nilivyopanga wanamuziki wa tamasha letu la Mei Mosi, Jinja

Tamasha letu la Walukuba, mtaa wa Jinja, Uganda, halina mfadhili mkubwa wala jukwaa la chuma. Linaandaliwa na watu wa mtaa wenyewe: wastaafu wa viwandani, akina mama wa sokoni Masese, wakulima wadogo wa miwa kutoka vijiji vya nje ya Jinja, na vijana wenye uchungu na hali ilivyo. Hufanyika Mei Mosi, na hatufichi kwamba lina siasa ndani yake. Tunazungumzia ujira, bei ya miwa, mashamba yaliyojaa miwa hadi mkulima ananunua muhogo, na watoto wanaoacha darasa kwenda kukata mua. Kamati iliponikabidhi upande wa muziki iliniambia kazi ni nyepesi, nitafute vikundi na nipange saa. Niliipokea kwa furaha, lakini sikuiona nyepesi. Kwenye tamasha la namna hii, mpangilio wa wanamuziki ndio unaoonyesha tunamheshimu nani. Ukiwaweka wazee wa bigwala, wale wapuliza mabaragumu ya vibuyu, saa nane mchana, uwanja mtupu na jua la utosi, ili usiku umwachie kijana mmoja anayeimba juu ya muziki wa kwenye simu, umeshahutubia. Hakuna mzungumzaji atakayekuja baadaye kuifuta hotuba hiyo.

Nilianza na swali moja: nani walifanya kazi hapa, na walikuja na muziki gani? Walukuba ilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, enzi zile bwawa la Owen Falls, linaloitwa Nalubaale siku hizi, linajengwa. Bwawa lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikafuata umeme, na watu wakafuata viwanda. Walitoka Busoga, Teso, Acholi, Bugisu, wengine Kenya. Waalur na Walugbara wa West Nile wengi walikuwa wametangulia kwenye miwa ya Kakira, kiwanda alichokianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Ndiyo maana Kiswahili kilishika mizizi huku kuliko sehemu nyingi za kusini mwa Uganda: ndicho kilichokuwa lugha ya zamu, ya foleni ya mshahara, ya bomba la maji. Kwa hiyo sikuhitaji kuagiza muziki kutoka mbali. Kikundi cha adungu kilikuwa nyumba chache kutoka kwangu, wajukuu wa wakata miwa, na vinubi vyao vimepangwa kuanzia kile cha kupakatwa mpaka kile kikubwa ambacho mpigaji husimama nacho.

Orodha ikajaa hivi: kadodi, ngoma ya Wagisu; kwaya ya Kiswahili ya wastaafu; adungu; mwimbaji wa kadongo kamu, yaani nyimbo za hadithi kwa gitaa moja, kutoka upande wa Iganga; embaire, marimba za Kisoga; na bigwala. Kulikuwa na shauri la kumleta msanii mwenye jina kutoka Kampala. Nililipinga, na bado ninaamini nilifanya sawa. Pesa aliyotaka ingelipa vikundi vyote hivyo na chakula chao, halafu watu wangekuja kumwona yeye, wapige picha, waondoke.

Bigwala ndiyo iliyoleta mjadala mrefu kuliko yote. Ni mabaragumu ya vibuyu vilivyokaushwa na kuunganishwa, seti ya matano au zaidi, na kila moja lina sauti yake moja tu; wimbo hupatikana wanapopokezana. Ulikuwa muziki wa watawala wa Busoga, wa kutawazwa kwao na wa maziko yao. Falme zilipofutwa mwaka 1967 wapigaji wakakosa pa kupigia, na UNESCO ilipouingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, mabingwa wazee waliobaki walikuwa wanne. Baada ya hapo juhudi za James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo ziliwakusanya vijana, wakapanda vibuyu vya kutosha, wakafundishwa na wazee. Ninayajua haya kwa sababu nimewasikia vijana hao wakipuliza, na mtu akiwahi kuwasikia hawezi kukaa akasema ni mambo ya makumbusho.

Lakini kijana mmoja wa kamati aliuliza kwa ukali, muziki wa wafalme unatafuta nini kwenye siku ya wafanyakazi? Swali lilikuwa la haki. Sikutaka kulijibu kwa maneno ya urithi na utamaduni, maana kwa maneno hayohayo maskini huambiwa kila siku wavumilie. Aliyelijibu ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nguo. Alisema, "Mwanangu, hao wafalme hawakuwahi kupuliza hata kibuyu kimoja. Waliopuliza ni watu kama mimi na wewe, na shukrani yao ilikuwa kupewa chakula." Kijana akakubali, kwa sharti moja: safari hii wapulizaji walipwe kama watu wengine wote.

Sharti hilo ndilo lililonipa utaratibu wa malipo. Kawaida ya huku kikundi hulipwa kitita, na mkubwa wa kikundi anagawa ajuavyo. Mwimbaji wa kadongo kamu ni mtu mmoja na gitaa lake. Bigwala na wachezaji wake ni zaidi ya kumi. Ukiwapa kitita sawa, umemwibia mmoja mmoja kwa jina la usawa. Tukaamua kulipa kwa kichwa, kiwango kimoja kwa kila mwanamuziki na kila mchezaji, wa kike kwa wa kiume, nauli ikihesabiwa kando, na kila mtu akitumiwa hela yake kwenye simu yake mwenyewe. Nilihofia mwimbaji wa kadongo kamu angekataa, kwa kuwa alizoea zaidi. Nilimweleza kwa simu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, siwezi kuimba habari ya ujira halafu nikatae kugawana. Nitakuja."

Kazi ya embaire ilikuwa ya jembe. Hizi ni marimba kubwa za Kisoga, vipande virefu vya mti vinavyolazwa juu ya vigogo vya migomba, na chini yake huchimbwa shimo ardhini ili sauti ipate mahali pa kuvumia. Wapigaji hukaa pande zote mbili, wengi kwa pamoja, mikono ikipishana juu ya vipande vilevile. Bila shimo huna embaire, una mbao. Na Mei Jinja ni masika. Shimo linaweza kujaa maji usiku mmoja. Tulichagua kona ya juu ya uwanja, tukachimba mfereji kuzunguka shimo, tukafunika turubai na kumweka mlinzi, kwa ajili ya mvua na kwa ajili ya watoto pia. Migomba ilikatwa asubuhi ileile, kwani ikinyauka mbao hulala vibaya. Wazee wenyewe ndio walioelekeza urefu na kina, wakigonga ubao mmoja na kusikiliza, wakiagiza udongo utolewe tena. Kama unaandaa tamasha na unataka embaire, waite siku moja kabla na uwape mahali pa kulala. Usiwape nafasi jukwaani na kuwaambia wabebe mbao zao wapande.

Hilo la shimo lilinisaidia hata kwenye muda. Kwa kuwa embaire ilikuwa na mahali pake mbali na jukwaa, kikundi kimoja kilipokuwa kikimaliza juu, kingine kilikuwa tayari chini. Hakukuwa na ile nusu saa ya nyaya inayoua kila tamasha la mtaani. Nilikubaliana na fundi wa spika, mtu wa harusi mwenye moyo mzuri na mkono mzito, kwamba hatapiga muziki wowote wa kujaza nafasi. Maiki moja ikashushwa ndani ya shimo la embaire. Bigwala haikupewa maiki kabisa. Haihitaji.

Kuna waliotaka niunganishe gitaa na embaire, eti iwe ya kisasa. Nilikataa. Mpangilio wa sauti za embaire hauendi na wa gitaa. Ili vipatane ungelazimika kuchonga mbao upya zifuate gitaa, na daima ni mbao zinazoambiwa zifuate, gitaa haliambiwi. Kila kimoja kikapewa saa yake.

Saa zenyewe nilizipanga hivi. Kadodi kwanza, saa nane, kwa sababu ni ngoma ya mwendo. Kwa Wagisu huwatembeza vijana wa imbalu, wanaokwenda tohara, na mtaa mzima ukafuata nyuma. Nilitamani itoke sokoni Masese iwalete watu mpaka uwanjani. Hapo tukakutana na polisi. Tulikuwa tumepeleka barua mapema, yenye mahali, saa na orodha ya vikundi. Sheria ya mwaka 2013 ya mikusanyiko ya umma ilipunguzwa makali mwaka 2020, Mahakama ya Katiba ilipobatilisha kifungu kilichowapa polisi uwezo wa kuzuia mikutano, lakini hakuna anayeandaa jambo Jinja bila kwenda kituoni. Watu wa hapa wanakumbuka mwaka 2022, Bunge lilipotaka tamasha la muziki la Nyege Nyege, la huku Jinja, lisimamishwe, kisha serikali ikaliruhusu kwa masharti. Afisa tuliyemkuta alikuwa mtulivu. Alisema ngoma ndani ya uwanja ni utamaduni, ngoma barabarani na mabango ya bei ya miwa ni maandamano. Tulijadiliana, tukakubaliana kadodi izunguke uwanja kwa ndani na mabango yabaki uwanjani. Iliniuma. Hata hivyo nilipima: kuna watoto, kuna wazee, na kuna muziki ambao sikutaka uzimwe kabla ya kuanza.

Baada ya kadodi, kwaya ya wastaafu. Hao huimba Kiswahili cha viwandani, nyimbo walizozitunga wenyewe za zamu ya usiku na za mashine zilizonyamaza. Najua wapo wazee wa Uganda ambao Kiswahili kinawakumbusha askari wa miaka ya 1970 na vizuizi vya barabarani, na siwalaumu. Ndiyo sababu nilitaka wakisikie kutoka vinywani mwa wafumaji nguo. Kisha adungu, watu wakila posho, yaani ugali, na maharagwe. Kadongo kamu niliiweka saa kumi na moja kasoro, kukiwa bado na mwanga, watu wameshiba na wamekaa. Ni muziki wa hadithi ndefu, na msikilizaji anataka kumwona uso anayemsimulia. Aliimba juu ya mtoto aliyeacha shule kukata miwa ili amlipie ada mdogo wake. Uwanja ulinyamaza, mpaka wauza karanga.

Embaire ikaanza jua likielekea kuzama, watu wakalizunguka shimo. Bigwala ikafunga, giza likiingia, ile saa ambayo matamasha yote huwawekea vijana wenye majina. Nilikuwa nimeshikilia saa hiyo tangu siku ya kwanza, na kamati ilinibana sana niiachie.

Wanasiasa walikuja, kwani uchaguzi ulikuwa unakaribia. Wa shati la manjano, wa chama tawala, walikuja; wa kofia nyekundu, wa upinzani, wakaja. Tulikuwa tumewaandikia wote barua moja: karibuni, kaeni na watu, maiki ni ya wanamuziki na ya wakulima wawili waliochaguliwa na wenzao. Hila ninayoijua zaidi ni ile ya mgombea kupanda katikati ya wimbo kumtunza mwimbaji noti mbele ya watu wote. Hahitaji maiki, amekwisha kufanya kampeni. Kwa hiyo tuliweka kikapu kimoja chini, pembeni ya jukwaa, na mtangazaji akasema tangu mwanzo kwamba anayetaka kutunza atunze humo, bila kutajwa jina. Mmoja alijaribu kupanda wakati wa adungu. Mama mmoja wa sokoni alimshika mkono kwa adabu zote, "Mheshimiwa, kikapu kiko huku," akamsindikiza. Watu wakapiga makofi, naye akatia noti yake kikapuni kama wengine.

Mvua ilinyesha kidogo wakati wa kwaya, ikakata. Mfereji ulifanya kazi yake.

Malipo yalimalizika usiku uleule, mtu mmoja mmoja, tukiwa tumekaa na orodha na simu chini ya taa ya duka. Wachezaji wawili wa bigwala, wasichana, hawakuwa na laini zao wenyewe, na mkubwa wa kikundi akasema tumtumie yeye. Tukawapa taslimu mkononi. Mzee hakukasirika; aliwaangalia wakihesabu, akaniambia mwakani nimwite mapema zaidi, aje na vijana wengi. Hela ya kikapu tuliwaachia wao kwa ajili ya mbegu na uzio wa shamba la vibuyu, sababu mbuzi wanavipenda.

Sasa kamati imeanza kujadili mwakani. Wapo wanaosema saa ya kufunga izunguke, kila mwaka ipewe kikundi kingine, na safari ijayo wastaafu wa kwaya ndio wafunge. Ninaunga mkono. Mwimbaji wao wa kwanza ameshaniuliza kama tutaweza kumpatia kiti, kwa kuwa magoti yake hayasimami muda mrefu usiku. Kiti kitakuwepo.