Podo la Msimu wa Kwanza

Jumamosi moja ya Agosti, wiki chache kabla ya msimu wa kuwinda kulungu kwa mishale kufunguliwa katikati ya Septemba, shemeji alinipangia mapodo matatu juu ya meza ya gereji yake, huko Wisconsin, Marekani. Cheti cha somo la usalama wa uwindaji nilishakipata. Jimbo lile hulitaka somo hilo kwa mwindaji yeyote aliyezaliwa kuanzia mwaka 1973. Upinde nao nilikuwa nao, wa kompaundi, ule wenye puli nchani. Ilibaki pa kuwekea mishale.

"Chukua unalolipenda, shemeji," akasema. "Ila uniambie kwa nini."

Mkono wangu ulikwenda moja kwa moja kwenye la mgongoni, la ngozi, kwa sababu ya podo la babu kule Kitui. Wakamba huliita thyaka. La babu lilikuwa na kifuniko kinachobana, na kila mshale wa sumu ulizungushiwa ngozi laini kichwani, sumu isikauke na isimguse mtu. Hili la gereji lilikuwa wazi juu. Shemeji akaniambia niiname kama ninayepita chini ya tawi. Mishale miwili ikachomoka, ikapita karibu na sikio langu.

Ilikuwa na vichwa butu vya mazoezi. Chembe za kuwindia, yaani vichwa vyenye makali, ni wembe mtupu. Humo ndani hugongana, zikapiga kelele na kupoteza makali. Tena kupeleka mkono nyuma ya bega ni mwendo mkubwa ambao kulungu huuona mapema. Nikalirudisha mezani.

La kiunoni ni zuri uwanjani, maana upinde unabaki mwepesi. Porini manyoya ya mishale hunasa kwenye vichaka, na ukikaa juu ya dungu mtini linakugonga paja. Hilo halikutuchukua muda.

La tatu, linalofungwa kwenye upinde wenyewe, lilitula zaidi ya saa nzima. Vichwa vinakaa juu ndani ya kofia ngumu, manyoya yanabaki chini, na uti wa mshale unashikwa na safu mbili za vibano vya mpira. Safu moja haitoshi. Mshale huchezacheza na kulia upote, yaani kamba ya upinde, unapoachiwa. Ndani ya kofia hii mlikuwa na mpira wenye vishimo, si sponji tupu. Sponji hukatwa na chembe mpaka ikalegea, na chembe za kujikunjua, zile ambazo makali yake hukaa yamekunjwa, zinaweza kufunguka humo.

Nikapachika mishale mitano, nikageuza upinde juu chini, nikautikisa kwa nguvu. Mmoja ukaanguka. Vibano vilikuwa vya uti wa kawaida, unaokaribia milimita 7.5 kwa nje, na wangu haukufika 6. Shemeji akatoa vibano vyembamba vya podo lilelile, tukabadilisha, nikatikisa tena. Yote ikakaa. Kwa hiyo ukienda dukani, nenda na mshale wako mwenyewe, usikubali kupimiwa kwa mshale wa mwenye duka.

Kisha nikavuta upote, mshale ukiwa umepachikwa na kulenga shabaha (upote hauachiwi mtupu hata siku moja, upinde unaweza kuvunjika), naye akatazama kutoka pembeni kama manyoya ya mishale ya akiba yanakaribia puli ya chini. Yalikuwa karibu mno. Tukapandisha kofia kidogo mpaka ikapatikana nafasi ya vidole viwili.

Uzito ndio nilioukuta wakati wa kulenga. Mshale wangu mmoja ni kama gramu 26. Mitano pamoja na podo ilikaribia gramu 400, yote upande mmoja. Pimamaji iliyo chini ya pini za kulengea ikakimbilia pembeni, na kwa yadi 20 mishale mitatu ikaenda sentimita 4 kushoto.

"Juu ya dungu utalivua au utaliacha?" akauliza.

Nikasema nitalivua, nilitundike kwenye ndoano ya mti, upande wa mkono unaovuta.

"Basi lenga hivyohivyo kuanzia leo."

Nikalivua. Nikapiga mishale 12 bila podo, nikasogeza pini mara mbili, na povu la pimamaji likatulia katikati.