Pumu, ngiri na bima yangu ya afya baada ya kujiajiri

Nilipoacha ajira na kufungua karakana yangu ya useremala, bima ya afya haikunijia akilini hata mara moja. Miaka yote ilikuwa ikikatwa kwenye mshahara kabla haujanifikia, na mwajiri akiongeza sehemu yake. Mwezi wa pili pumu ilinibana usiku. Nikiwa kwenye benchi la mapokezi, nahema kwa shida, ndipo nilipoambiwa kwamba kadi yangu imeshafungwa.

Nikakimbilia kampuni binafsi. Wakala alinieleza kwa subira: hospitali nachagua mwenyewe, foleni ni fupi, daktari bingwa naonana naye bila kuzungushwa. Nilisoma ukurasa wa mafao, nikasaini. Kurasa za nyuma, zinazotaja yasiyolipiwa, sikuzifikia. Huko kuliandikwa kwamba ugonjwa ambao mtu anao kabla ya kujiunga haugharimiwi katika mwaka wa kwanza. Pumu ninayo tangu utotoni, na ndiyo iliyonisukuma kukata bima. Kwa hiyo nililipa ada, na dawa ya kuvuta nikainunua kwa fedha yangu.

Baadaye nilielewa sababu. Kampuni inapima hatari ya kila mteja, na kama watu wangesubiri waugue ndipo wajiunge, mfuko ungekauka. Mfuko wa umma kwa kawaida unachanganya wazima na wagonjwa, na mchango hautegemei kifua cha mtu kikoje. Lakini hata huko aliyejiajiri ana shida yake. Sheria ya bima ya ugonjwa ya Ujerumani ya mwaka 1883, iliyokuja kuigwa na nchi nyingi, ilitungwa kwa ajili ya watu wa ajira: mfanyakazi alitoa theluthi mbili ya mchango, mwajiri theluthi moja. Sisi hatuna wa kutoa hiyo theluthi. Mzigo wote ni wetu.

Kwenye ile bima binafsi, kilichoniumiza zaidi hakikuwa ukubwa wa ada, ni kwamba haibadiliki. Kipato changu kinapanda na kushuka, ada inadai tarehe ileile. Kazi zilipokauka kwa miezi mitatu nilichelewa kulipa, siku za nyongeza zikaisha, mkataba ukavunjika. Niliporudi nilipokewa kama mgeni. Kipindi cha kusubiri kikaanza upya, pumu ikawa tena ugonjwa niliokuja nao, na miezi tisa niliyokwisha kulipia haikuhesabiwa. Kama kazi yako ina misimu, naomba uulize hili kabla ya jingine lolote: nikishindwa kulipa mwezi mmoja, nitarudi kwa masharti gani?

Basi nikajiandikisha kwenye mfuko wa umma. Kliniki ya pumu na dawa za kila mwezi zikahamia huko, na mpaka leo ziko huko. Kuna foleni, dawa nyingine hukosekana, lakini hakuna aliyeniuliza niliugua lini.

Kisha nikapata ngiri, kwa sababu ya kunyanyua mbao. Haikuwa dharura, hivyo nikapangiwa upasuaji baada ya miezi mingi. Aliye kwenye ajira anaweza kusubiri huku mshahara unaingia. Mimi kila siku nisiyonyanyua mbao ni oda inayokwenda kwa fundi mwingine. Nilisubiri, kwa sababu bima binafsi isingeipokea ngiri iliyokwisha kujulikana, na miezi ile ilinifundisha foleni ina gharama gani kwa mtu kama mimi.

Baada ya hapo nilikata tena bima binafsi, safari hii ya kulazwa na upasuaji tu, bila matibabu ya nje. Nilikubali kulipa mwenyewe sehemu ya kwanza ya kila gharama, na kwa hilo ada ikashuka sana. Ninailipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, msimu wa kazi nyingi, ili mwezi mkavu usiikute. Pumu haimo humo, nami sikuihitaji iwemo.

Hata hivyo bima hizi mbili zinamlipa daktari. Mimi niliyelala nyumbani hazinilipi. Kuna bima ya kipato kwa siku za kuugua, ila niliyopewa masharti yake ilianza kulipa baada ya siku tisini, muda ambao karakana yangu ingekuwa imefungwa. Nikaamua kutenga sehemu ya kumi ya kila malipo ya mteja kwenye akaunti nisiyoigusa. Nilianza siku niliyopangiwa upasuaji, kwa kuwa daktari alishanionya kwamba nisinyanyue kitu kizito kwa wiki sita baadaye. Akiba ile iliisha wiki ya tano. Wiki ya sita nilipiga msasa vipande vyepesi nikiwa nimekaa, na tangu hapo ninaweka akiba ya wiki nane.