Dume hana kiwele: nilivyompata mtamba wangu hapa Rungwe

Kinachoniudhi kuliko vyote ni mtu anayesimama mlangoni mwa banda lako, mikono nyuma, akakwambia, "Wewe tafuta ng'ombe wa maziwa wa Frizian halisi, asilimia mia, mengine yatajipa." Nyumbani kwake ana ng'ombe wa mabaka mazuri anayetoa maziwa ya kutia kwenye chai tu. Ushauri huo nimeusikia kwa shemeji yangu, kwa mzee mmoja wa kanisani, hata kwa fundi aliyenipigia bati za banda. Leo nina mtamba, ng'ombe jike kijana, aliyezaa uzao wake wa kwanza na anampita mama yake, uzao kwa uzao, kwa lita nne au tano kwa siku. Majani ni yaleyale na pumba ni ileile. Niacheni nijisifu.

Kijijini kwetu, barabara ya Kiwira kwenda Tukuyu, kulikuwa na dume akiitwa Diwani. Jina alilipata kwa ajili ya kitambi na mwendo wa kutokuwa na haraka na mtu. Kumleta kwako haikuwa shida: elfu kumi na kitu, au mkungu wa ndizi kama mnaelewana na mwenyewe. Kila aliyemwona alisema binti zake lazima wajaze ndoo. Mimi nikauliza swali la kitoto: dume hana kiwele, hayo maziwa yake mmeyaonea wapi?

Hakuna aliyenijibu, nikaamua kuwahesabu binti zake mwenyewe. Sasa huku kwetu ukimuuliza mtu ng'ombe wake anatoa lita ngapi, atakwambia "tunamshukuru Mungu", au atakutajia namba ya uongo. Nikamtafuta kijana wa bodaboda anayepitia maziwa alfajiri, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anatoa nini, siku gani, na nani anaongeza maji. Nikamnunulia chapati na chai, nikafungua kaunta buku. "Shikamoo mzee, mbona unauliza kama TRA?" Lakini alisema yote. Kisha nikapita nyumba kwa nyumba kujua ng'ombe yupi ni wa Diwani na yupi si wake.

Hapa ndipo penye ujanja wenyewe. Sikuchukua kila binti wa Diwani. Nilichukua nyumba zile tu zenye binti yake na ng'ombe mwingine wa dume tofauti, wote wanakamuliwa, banda moja na mlishaji mmoja. Ukimlinganisha ng'ombe wa mwalimu anayekula mashudu ya alizeti na wa bibi anayekula migomba, unapima mashudu, damu hujaigusa. Baadaye mtaalamu mmoja akanieleza kuwa madume ya mbegu huko nje yamepimwa miaka mingi kwa njia hiyohiyo, binti dhidi ya wenzao wa zizi moja, ila wao ni maelfu na kompyuta, mimi nina kalamu ya Bic.

Karibu kila nyumba, binti wa Diwani alikuwa chini ya mwenzake. Si kwa mbali, lakini karibu kila mara upande uleule. Na viwele! Kwa mama mmoja nilichutama nikatazama: kiwele kimeshuka kimepita magoti ya nyuma, chuchu za mbele kila moja inatazama upande wake, na yeye anakamua kwa mkono mmoja huku wa pili unakinyanyua kisiguse tope. Kiwele kama hicho hakiachi kuugua.

La kutisha zaidi, Diwani alikuwa ameshaanza kupanda binti zake mwenyewe, maana hakuna aliyekuwa anaandika. Ndama wa baba na binti, kwa wastani robo ya urithi wake ni nakala mbili za kitu kilekile kutoka kwa dume yuleyule. Ubaya uliokuwa umejificha hapo ndipo unapojitokeza: ndama dhaifu, mitamba isiyoshika mimba. Watu wakasema ni husuda.

Nikahamia mrija, yaani uhimilishaji: mbegu ya dume iliyogandishwa kwenye kijiti chembamba, mtaalamu anakuja kumwekea ng'ombe. Mbegu nyingine zinatoka Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, Usa River kule Arusha, nyingine zinaagizwa nje, na zote zinakaa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Ukipewa karatasi ya madume, usikimbilie tarakimu kubwa ya maziwa. Tofauti za maziwa kati ya ng'ombe na ng'ombe ni kama robo hadi theluthi tu zinazotoka kwenye urithi. Asilimia ya mafuta hurithiwa zaidi, karibu nusu, lakini huku tunauza kwa lita, kwa hiyo nani atanilipa mafuta? Kwenye kushika mimba, kinachotoka kwenye urithi ni chini ya moja ya kumi, maana yake shida ya mimba itibu kwanza kwenye majani na madini. Na ukileta damu ya maziwa mengi mno kwenye banda la njaa, ng'ombe anajikamua mwili wake mwenyewe, anakonda na joto, ile hali ya kutaka dume, halionekani. Nikachagua dume wa maziwa ya wastani mzuri, kiwele kilichoshika juu, na ndama asiye mkubwa, kwa kuwa ng'ombe wangu ni mwembamba wa nyonga.

Mtaalamu wa kwanza alinichosha. "Niko njiani mzee," na njia yake ilikuwa inachukua siku mbili. Joto la ng'ombe mara nyingi halimalizi siku nzima. Ukimwona asubuhi ahimilishwe jioni, ukimwona jioni iwe asubuhi yake. Bwana huyu alikuwa anafika ng'ombe ameshalala anacheua, anaingiza mkono hivyohivyo, anapokea hela.

Nikajitengenezea kengele yangu. Binti yangu alileta vipande vya chaki kutoka shule. Unalowesha, unasugua mstari mnene juu ya shina la mkia, unawaachia ng'ombe wote uani alfajiri na jioni. Aliyepandwa na wenzake akasimama, mstari wake unafutika na manyoya ya hapo yanavurugika. Mvua ya Rungwe ikaniosha chaki zote, nikachanganya unga wake na mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, ikashika. Mwenye mgongo mweupe mpake chaki ya rangi. Usiamini mstari peke yake, tafuta na ute mwangavu unaoning'inia.

Joto linarudi kila siku 21 hivi, basi kwenye kalenda ya dukani nazungushia siku ya 18 na kumpigia mtaalamu mapema. Wa sasa anatoka upande wa Uyole, namwekea mafuta ya pikipiki, jumla inafika elfu arobaini na kitu, inategemea mbegu. Mwangalie anavyoyeyusha mrija: maji ya uvuguvugu wa mwili, chini ya dakika moja. Akianza kuusugua viganjani, mpe nauli arudi.

Mwenye Diwani amemuuza mnadani. Hajanisalimia tangu hapo, ila mkewe alikuja kuomba namba ya mtaalamu, na kipande cha chaki.

Mimi hela ya parachichi ikiingia nataka kujaribu mbegu za kuchagua jinsia, zile zinazotoa jike karibu mara tisa kati ya kumi. Ni ghali na zinashika mimba kwa shida kidogo, kwa hiyo nitampa mtamba mwenye afya anayepandwa kwa mara ya kwanza. Ng'ombe mzee aliyesumbua msimu uliopita abaki na mrija wa kawaida.