Siku moja na farasi wawili kwenye nusu ekari, Karen, Nairobi

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kushika uma au ndoo, nasimama mlangoni mwa banda na kutazama. Farasi mwenye afya hukugeukia masikio yakiwa mbele, anadai chakula. Kisha naangalia mavi ya usiku. Yawe mafungu kadhaa, yenye unyevu kidogo, yanayovunjika yakigonga sakafu. Yakiwa machache, madogo na makavu, nashuku msokoto wa tumbo. Kipimajoto huingia chini ya mkia: nyuzi 37.5 hadi 38.5 ni sawa. Msimu wa mvua haturuki kipimo hiki hata siku moja, kwa sababu ile homa kali ya farasi inayoletwa na usubi huanza kwa joto kupanda, farasi akiwa bado anakula vizuri.

Saa 11 na nusu. Nyasi kwanza, nafaka baadaye. Farasi wa kilo 450 asiye na malisho anahitaji kilo 8 hadi 9 za nyasi kavu kwa siku. Tunatumia nyasi aina ya boma Rhodes, na kila fungu hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza maana marobota hayalingani uzito. Kilo 2 alfajiri, 2 mchana, 2 jioni, 3 usiku. Mgawanyo huo ndio moyo wa ufugaji wa eneo dogo. Tumbo la farasi ni dogo, lita 8 hadi 15 tu, na asidi hutiririka ndani yake hata kama hali chochote. Porini angekuwa akitafuna saa 14 au zaidi kwa siku. Ukimwacha mtupu kuanzia asubuhi hadi jioni anapata vidonda vya tumbo, na ataanza kuguguna mbao za banda. Wavu wenye matundu ya sentimita 3 hadi 4 humchelewesha kula, lakini ufungwe juu kiasi kwamba hata ukiwa mtupu mguu hauwezi kunasa.

Nafaka ni kilo moja, na kwa mlo mmoja hatuvuki kilo 2. Chakula cha ng'ombe au cha kuku hakikaribii stoo yetu. Baadhi yake huwa na monensini, dawa ambayo ng'ombe huivumilia lakini kiasi kidogo tu huharibu moyo wa farasi. Jihadhari pia na nyasi ya kikuyu, ile ya bustani nyingi za Nairobi. Ina oksaliti inayozuia mwili kupata kalsiamu. Ukiongezea pumba za ngano zenye fosforasi nyingi, mifupa ya uso huvimba na kulainika. Ndiyo sababu kilo moja ya alfalfa, yenye kalsiamu nyingi, haikosi kwenye ndoo.

Saa 1 asubuhi. Kuzoa banda. Vyumba ni mita 3.6 kwa 3.6, na kila farasi hutoa zaidi ya kilo 20 za samadi kwa siku. Toa yote, pamoja na maranda yaliyolowa mkojo. Kujua kama kazi imekamilika, inama pua ifike pale farasi anapolaza kichwa: ukisikia amonia inachoma, mapafu yake yameivuta usiku kucha. Samadi inarundikwa mbali na banda, rundo la zaidi ya mita moja kila upande ili lipate joto la kuua mayai ya minyoo, na hugeuzwa kila wiki. Majirani wenye bustani huichukua ikishaoza.

Saa 3. Jua likishakuwa kali na usubi umetulia, wanatoka. Uwanja haukuachwa wazi. Tumezungusha njia ya mita 4 kando ya ua, maji upande huu, nyasi upande ule, basi wanalazimika kutembea. Langoni na penye maji tumemwaga kokoto, kwani hapo ndipo matope huanzia. Seng'enge ya miba haifai kabisa kwa farasi.

Saa 4. Brashi, kisha kwato. Chokoa kuanzia kisigino kwenda mbele, ukifuata mifereji ya pembeni ya ile nyama laini ya pembetatu. Ukiona uji mweusi unaonuka, ukwato umeanza kuoza, na chanzo karibu kila mara ni sakafu yenye unyevu. Fundi wa kwato huja kila wiki 6 hadi 8. Kupe hujificha masikioni, chini ya mkia na ndani ya mapaja. Usiwaogeshe kwa dawa ya ng'ombe yenye amitrazi: hulegeza utumbo wa farasi hadi ukaziba.

Saa 7 mchana. Nyasi, na maji safi. Kila mmoja hunywa lita 25 hadi 45 kwa siku.

Saa 9. Dakika 40 za kuongozwa au kupandwa nje ya ua. Nusu ekari haitoshi miguu minane.

Saa 10 na nusu jioni. Mavi ya uwanjani yanaokotwa yote. Naukagua ua: majani ya mparachichi, oleanda na nyasi mbichi zilizokatwa kwa mashine na kutupwa na jirani huondolewa mara moja. Zote ni hatari.

Saa 11 jioni. Wanaingia ndani kabla jua halijazama, nyavu laini zinashushwa madirishani. Usubi huuma kuanzia machweo hadi mapambazuko. Pundamilia hubeba virusi vya ile homa kali ya farasi bila kuugua, na Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko karibu. Chanjo itolewe kabla ya mvua za Machi.

Saa 3 usiku. Kilo 3 za mwisho. Farasi akigeukia ubavu wake, akikwaruza sakafu au kulala na kuinuka, nashuku msokoto wa tumbo, naondoa chakula na kuhesabu mapigo ya moyo. Akitulia huwa 28 hadi 44 kwa dakika. Yakivuka 60, daktari anaitwa usiku huo huo. Hatumnyweshi mafuta kwa chupa, yataingia mapafuni.

Stoo ya nafaka hufungwa kwa kufuli. Farasi akiivamia na kula debe zima, mwite daktari papo hapo hata kama anaonekana mzima. Uvimbe mkali ndani ya kwato huanza siku moja au mbili baadaye, na wakati huo tiba imeshachelewa.