Kangaja Wagonjwa wa Kanamai

Mashua ya wazamiaji wetu ilirudi Kanamai alasiri, kaskazi ikielekea ukingoni, mwaka 2012. Kwenye ndoo zao walikuwamo kangaja buluu, wale wenye uso mweusi, koo jeupe na pezi la mgongoni la manjano. Ni katika samaki wa mapambo wanaotafutwa sana na wateja wa ng'ambo, na pia ni katika wanaowasumbua sana wafugaji. Ugonjwa ukiwa umo majini, kangaja buluu ndiye wa kwanza kuuonyesha.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba moja ya kuhifadhia samaki kati ya Kanamai na Mtwapa, walikokaa kabla ya kupelekwa uwanja wa ndege wa Moi. Kazi yangu ilikuwa kupima maji: chumvi, joto, amonia, halafu kuandika daftarini asubuhi na jioni. Matangi yalisimamiwa na mzee mmoja aliyepiga mbizi tangu ujana wake. Sote tulimwita Ami. Hakutumia kipimo chochote. Alisimama mbele ya tangi akamtazama samaki anavyopumua, kisha akasema neno lake, na sikuona akikosea.

Siku ya pili yake ndiye aliyeniita. "Binti, hebu njoo uwatazame hawa. Tangu alfajiri wanajikuna."

Mmoja alikuwa akijilaza ubavu, anajisugua kwenye ukuta wa tangi, anatetemeka kidogo, kisha anaendelea na safari. Vifuniko vya matamvua vilifunguka na kufunga haraka mno. Nikawamulika kwa tochi kutoka ubavuni, kwa maana ukimulika kwa mbele mwanga unakurudia machoni na huoni kitu. Pale kwenye mapezi ya kifuani, yaliyo maangavu, nikaviona: vidoa vyeupe kama chembe za chumvi, kimoja hapa, viwili pale.

Vidoa peke yake havinitoshi. Kuna kimelea kingine cha bahari, Amyloodinium, kinachoweza kumaliza tangi zima kwa siku chache, na vijidoa vyake ni vidogo zaidi, mithili ya vumbi. Basi Ami akamnasa mmoja, akamshika ndani ya kitambaa kilicholowa, vidole vyake vikiwa mbali na shina la mkia, maana kangaja ana kisu pale na anajua kukitumia. Nikapitisha kioo chembamba juu ya ngozi, kuelekea mkiani, nikapata ute kidogo. Chini ya hadubini kilikuwepo kidude cha mviringo, cheusi, kimezungukwa na vinyweleo, kinajigeuza polepole palepale kilipo. Huyo ni Cryptocaryon irritans. Alipewa jina hilo mwaka 1951, ingawa Wajapani walikuwa wameshamwandika kabla ya vita. Nilipumua. Huyu naye anaua, lakini anakupa nafasi ya kufanya kazi.

Nieleze anavyoishi, maana yote yaliyotokea baadaye yalitegemea hapo. Kile kidoa cheupe ni kimelea kikiwa kimejificha chini ya ngozi ya samaki, kinakula na kunenepa kwa siku tatu hadi saba hivi. Kikishiba kinatoka chenyewe, aghalabu gizani, kinatambaa sakafuni kwa saa kadhaa, kisha kinajigandisha na kujifungia ndani ya kifuko kigumu. Ndani ya kifuko kinajigawa tena na tena, hata kifuko kimoja kikatoa watoto mia na zaidi. Watoto hao wanaogelea kutafuta samaki, na wasipompata ndani ya siku moja au mbili wanakufa. Angelo Colorni, aliyemchunguza kule Eilat kwenye Bahari ya Shamu, alikuta vifuko vya kundi moja havipasuki pamoja. Vingine hupasuka baada ya siku 3, vingine vikakaa hadi siku 72.

Dawa ya shaba inawaua wale wanaoogelea. Haimfikii aliye chini ya ngozi wala aliye ndani ya kifuko. Kwa hiyo unachofanya ni kuyafanya maji yawe na sumu ya kutosha kumuua mtoto wa kimelea na isiyotosha kumuua samaki, halafu unayashikilia hapo, mchana na usiku, mpaka kila kifuko kilichomo kiwe kimepasuka au samaki awe ameondolewa mbali nacho. Nafasi kati ya hizo mbili ni nyembamba: miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita moja ya maji, ukitumia shaba isiyofungwa na kemikali nyingine. Chini ya hapo unajidanganya. Ukizidisha sana unachoma matamvua uliyokuja kuyaokoa.

Njia nyingine zipo. Kupunguza chumvi ya maji hufanya kazi, lakini maji ya kisima chetu hayakuaminika. Klorokwini nayo hufanya kazi, ila tangu Kenya ilipoacha kuitegemea kwa malaria mwaka 1998, kuipata ikiwa safi ilikuwa taabu. Kilichobaki ni mrututu, yaani salfeti ya shaba.

Nyumbani nilikuwa nimeuzoea tangu utotoni, kwa vile bibi yangu aliuweka kwenye kichupa na kuupaka kwenye madonda sugu. Duka la pembejeo walikuwa nao wa kunyunyizia mimea. Huo niliukataa, kwa sababu hujui umechanganyika na nini. Tukaagiza ule wa maabara kutoka Mombasa, fuwele za buluu iliyokolea. Robo ya uzito wake ni shaba, zilizobaki ni salfeti na maji. Nikayeyusha gramu 4 katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa, pamoja na asidi kidogo ya sitriki ili shaba isigande haraka ikikutana na maji ya bahari. Hapo kila mililita moja ya dawa inabeba miligramu moja ya shaba. Tangi la lita 500 lilihitaji mililita 100 tu, basi. Hesabu hiyo niliiandika ukutani kwa kalamu nene, Ami akaisoma kwa sauti, akaniuliza, "Na tukiitia yote kwa mara moja?" Nikamwambia samaki watashtuka na kuacha kula. Tuligawa kwa siku tatu.

Tangi lenyewe Ami alilitayarisha kwa mikono yake. Alitoa mchanga wote na kila kipande cha tumbawe, kwani chokaa inainyonya shaba na kukuacha na maji matupu huku unaamini umeshatibu. Akakata mabomba ya plastiki vipande vipande ili kangaja wapate pa kujificha, maana wakikosa wanapigana. Kisha akafanya jambo ambalo sikumwambia. Alifunga mpira uliounganisha tangi hilo na mengine, akauziba kwa msumari wa mti, akatundika wavu na ndoo zake peke yake kwenye msumari mwekundu. Ukuta wa pili tulikuwa na kamba wasafishaji na konokono. Hao shaba huwaua hata ikiwa kidogo, kwa hiyo wavu uliolowa maji yale haukupaswa kuchovywa kule.

Kilichofuata ni kazi ya kupima. Mililita tano za maji kwenye mrija wa kioo, matone ya kemikali, unatikisa, unasubiri, unalinganisha rangi na kadi. Nilipima nje mlangoni, kwenye mwanga wa mchana na mgongo wangu ukiwa upande wa jua, kwani chini ya taa ile ya ndani rangi mbili za jirani zilifanana. Ya asubuhi ingekuwa 0.20, ya jioni 0.16, kwa sababu shaba inazidi kuganda na kushuka hata pasipo tumbawe. Naongeza mililita kadhaa, nasubiri, napima tena. Sijui kazi nyingine iliyonifundisha kuheshimu tarakimu ya pili baada ya nukta.

Kisha vidoa vikaisha. Kangaja wakawa safi, buluu yao imerudi, wanazunguka tangi kifua mbele. Na hapo ndipo tajiri wetu, mwenye nyumba ile, alipoingia.

Mteja wake wa Ulaya alikuwa anapiga simu kila mara. Ndege ilikuwapo, masanduku yapo, na samaki wa kujaza masanduku ndio hao. Tajiri hakuwa mtu mbaya, alilipa kwa wakati na aliwajua wazamiaji wake kwa majina ya watoto wao. Akasimama mbele ya tangi, akatabasamu.

"Mashallah. Wamepona. Kesho waacheni bila chakula, kesho kutwa tufunge."

"Hawajapona, tajiri," nikamwambia. "Wametokwa na vidoa tu."

"Tofauti yake ni nini?"

Ami alikuwa anakamua kitambaa. Hakusema kitu, ila alinitazama nikajua niendelee. Siku tulipoanza dawa nilikuwa nimelaza vioo vya hadubini sakafuni mwa tangi, vichache tu kwenye kona walikopenda kulala. Nikainua kimoja kwa koleo, nikakifuta upande wa chini, nikakiweka chini ya hadubini na kutafuta. Haikuchukua muda. Nikampisha tajiri kwenye kiti.

Aliinama. Kwanza hakuona, nikamwambia azungushe gurudumu dogo taratibu. Halafu akanyamaza. Kilikuwepo kifuko kimoja, kimegandamana na kioo, ganda lake limeng'aa, na ndani yake vipande vilivyokwisha kugawanyika, vingine vinacheza. Kimekaa ndani ya maji ya shaba siku zote hizo na hakijapata hata mkwaruzo.

"Hiki ndicho kilichokuwa kidoa?" akauliza, jicho bado limo.

"Ndicho. Kilishuka chenyewe. Hata bila dawa kingeshuka, samaki angeonekana safi, halafu watoto wake wakampanda kwa wingi zaidi. Bila shaba mzunguko wa pili ndio unaoua. Na safari itamchosha samaki, kinga yake ishuke, afike kwa mteja na wachache waliosalia mwilini tusiowaona. Kule hakuna shaba."

"Na hawa waliomo humu ndani?"

"Wakitoka tu, shaba inawangoja."

Ami ndipo alipofungua mdomo. "Tajiri, mpe mteja anthiasi na kitatange. Hawa mwambie wangali baharini."

Tajiri alisimama, akapangusa jicho, akapiga simu palepale. Sikusikia aliyosema mteja. Nilisikia aliyosema tajiri: kwamba hatauza samaki mgonjwa kwa jina lake. Nilimheshimu tangu saa ile na namheshimu hadi leo.

Siku za mwisho ndizo zilizokuwa ngumu. Kangaja mkubwa kuliko wote aliacha kula. Shaba ina ubaya huo, inamnyong'onyeza samaki hata ikiwa katika kipimo sahihi. Inamkata hamu ya chakula na kuiteremsha kinga yake. Ami akawa anashuka mwambani maji yakikupwa, anachuma mwani wa kijani, anausuuza kwa maji ya mvua usije ukaleta ugonjwa mpya, anaufunga kwenye jiwe na kuushusha mbele ya samaki yule. Wenzake waliurarua. Yeye alikaa ndani ya bomba lake. Nilishauriana na Ami kama tumtoe. Kumtoa kulimaanisha kumpeleka tangi jingine akiwa pengine bado amebeba, na kuchafua tangi la pili. Tulimwacha, tukaishikilia shaba karibu na 0.15 badala ya 0.20, nikawa napima mpaka usiku ili isianguke chini ya hapo. Alikufa kabla ya tiba kwisha. Nilimpasua: matamvua yalikuwa yamevimba na kupauka. Sikuweza kujua ni kimelea kilichomaliza au ni dawa, na naamini ni vyote viwili pamoja.

Waliobaki walikula, wakanenepa, wakapita siku 21 ambazo ndizo nilizokuwa nimemtajia tajiri. Tukawahamishia kwenye tangi kavu lililojazwa maji mapya, wavu mpya, bila tone la kule walikotoka. Nikakwangua ute tena, samaki mmoja baada ya mwingine, na hadubini haikunionyesha kitu. Tuliwakalisha pale kwa muda tukiwatazama, kisha wakafungwa kwenye mifuko ya nailoni, theluthi maji na iliyobaki oksijeni, wakaenda.

Maji ya mrututu hatukuyarudisha baharini. Pale nje kuna matumbawe, na shaba haichagui kimelea na kiumbe kingine. Ami aliyapitisha kwenye makaa ya kuchujia mpaka kipimo changu kikasoma sifuri, ndipo tukayamwaga kwenye shimo la mchanga nyuma ya nyumba, na tangi likaanikwa juani mpaka likakauka kabisa.

Tajiri alitaka tangu hapo kila samaki anayeingia apitishwe kwenye shaba, mgonjwa na mzima. Nilimkatalia, na hapo tulibishana zaidi ya mara ya kwanza. Kangaja, sawa, hao wapite wote. Kitatange wale wadogo hawaistahimili vizuri, hao wakae wakitazamwa kwanza. Bunju na chale waingie kwa kipimo cha chini, na mimi nikiwepo. Taa na papa wadogo kamwe. Kamba, konokono na jamii zao wasivuke hata mlango wa chumba kile. Tajiri alisikiliza, akatuma aletewe mizani nzuri na hadubini ya pili, na ile orodha Ami akaibandika mlangoni.