Leso, leja na faili lenye mkia

Juni 2021, wiki chache baada ya Idd, duka moja la jumla la leso pale Biashara Street, Mombasa, lilipoteza mauzo ya siku tatu. Hayakuibwa wala hayakufutwa. Yalikuwa yameandikwa vizuri kabisa, ila kwenye faili ambalo hakuna mtu aliyeambiwa alinakili.

Programu yenyewe ilikuwa huria, ya bure, ya kuweka stoku na madeni. Mimi ndiye niliyeisakinisha. Jina lake nitalificha, maana watunzaji wake ni watu wawili wanaojitolea usiku baada ya kazi zao, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu. Mwongozo wao ulikuwa na ukurasa mfupi kuhusu nakala ya akiba, na kiini chake kilikuwa sentensi moja: nakili faili la data mahali salama kila siku. Nikaitafsiri kwa Kiswahili, nikaichapa, nikaibandika ukutani kando ya kaunta. Mwenye duka, ambaye sote twamwita Ami, hakuruka hata siku moja. Jioni achomeka flashi, anakili duka.db, achomoa, atia mfukoni mwa kanzu, ashusha kifuniko cha laptopu, aenda zake magharibi.

Alhamisi moja asubuhi diski ya laptopu ikaanza kukwaruza, na kufikia adhuhuri ilikuwa haisomeki tena. Nikatia diski mpya, nikasakinisha kila kitu upya, nikarejesha nakala ya Jumatano jioni. Ikafunguka bila kulalamika. Mauzo ya mwisho yalikuwa ya Jumamosi. Jumapili duka halifunguliwi, kwa hivyo zilizopotea ni Jumatatu, Jumanne na Jumatano: kama maandiko 120, na mengi yake mali kauli, yaani mali iliyochukuliwa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Mama wa Likoni amechukua korja mbili atalipa mwisho wa mwezi, mwingine wa Malindi amechukua doti thelathini. Biashara ya aina hiyo haina ushahidi mwingine zaidi ya leja.

"Mwanangu," Ami akaniambia, "karatasi yako nimeifuata. Imesema nakili, nimenakili. Sasa korja za watu ziko wapi?"

Jibu lilinichukua jioni nzima. Programu ile huhifadhi data yake ndani ya SQLite, hifadhidata ndogo iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2000 na Richard Hipp wa Marekani, ambayo leo imo karibu kila simu. Kwa kawaida SQLite huandika moja kwa moja kwenye faili kuu, huku ikiweka kando kurasa za zamani ili irudi nyuma mambo yakiharibika. Tangu toleo 3.7.0 la mwaka 2010 kuna njia ya pili, iitwayo WAL. Muuza duka wa zamani ataielewa kuliko mhandisi: ni kitabu cha rafu. Kila mauzo huandikwa kwanza kwenye rafu, yaani faili la pembeni lenye jina lilelile na mkia "-wal", halafu baadaye rafu huhamishiwa kwenye leja, ambayo ndiyo faili kuu. Faida yake ni kwamba kijana wa kaunta aweza kuangalia stoku huku mwenzake akiandika, na hakuna anayemngoja mwingine.

Swali ni hiyo "baadaye" ni lini. SQLite isipopangwa vingine, huhamisha rafu ikifika kurasa 1000, na ukurasa mmoja ni baiti 4096, yaani kama MB 4 hivi. Ukurasa uleule ukiguswa mara tano huandikwa kwenye rafu mara tano. Nilipopima, mauzo moja ya Ami yaligusa kurasa sita: ya mauzo, ya bidhaa, ya deni la mteja, na za faharasa. Mara mauzo 40 kwa siku, ni kurasa 240. Rafu yajaa baada ya siku nne. Rafu huhamishwa pia programu inapozimwa ipasavyo, lakini Ami alikuwa hazimi kitu, hushusha kifuniko tu, na laptopu hulala na rafu yake ikiwa imejaa nusu. Kila jioni akinakili leja, na leja ilikuwa ya Jumamosi.

Na alibahatika. Leja iliyo kati ya uhamisho mmoja na mwingine ni ya zamani lakini ni nzima. Angenakili dakika ileile rafu inapohamishwa, angepata faili ambalo nusu ni la leo na nusu ni la juzi, na hilo huenda lisingefunguka kabisa. Wala usidhani ukubwa wa faili la mkia utakuonya. Likishahamishwa halipunguzwi, huanza tu kuandikwa upya kutoka juu, kwa hivyo laweza kukaa MB 4 lina kitu au halina.

Usiku uleule nikaandika kwenye daftari la hitilafu la mradi. Kichwa nilichokipa kilisema mwongozo wao umempotezea mfanyabiashara pesa. Ilikuwa barua ya mtu aliyechoka, yenye hasira nyingi na ushahidi haba. Saa mbili baadaye mtunzaji mmoja akajibu na kuifunga: si hitilafu, programu inafanya kazi ilivyokusudiwa.

Hoja zake zilikuwa tatu, nami nazieleza kwa haki. Kwanza, sentensi ile ilikuwa kweli ilipoandikwa. Zamani programu ilitumia njia ya kwanza, na kunakili faili moja wakati hakuna anayeandika kulitosha. Walihamia WAL katika toleo la karibuni, na orodha ya mabadiliko ya toleo hilo ilikuwa na mstari uliosema hivyo. Pili, leseni yasema wazi kwamba programu inatolewa bila dhamana ya aina yoyote. Tatu, habari za kunakili SQLite zinapatikana kwenye nyaraka za SQLite zenyewe, ambazo zina ukurasa mzima unaoorodhesha njia za kuliharibu faili, na kutenganisha leja na rafu yake imo. Kwa nini waandike upya kilichoandikwa vizuri na wenyewe? Maelezo yakiwa mahali pawili, moja huoza.

Hii ya pili sikuijibu. Leseni ni ya mahakamani, na hakuna aliyekuwa akienda mahakamani. Ya tatu ina uzito, nimeona miradi iliyonakili maelezo ya watu ikabaki na ya miaka kumi iliyopita. Lakini inasahau kitu: Ami hajui kwamba ndani ya programu yake mna SQLite. Hajawahi kukutana na jina hilo. Huwezi kumtuma mtu kwenye nyaraka za kitu ambacho hajui anacho. Na ile ya kwanza ndiyo hasa hitilafu. Aliyebadilisha msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu, aligeuza sentensi ya kweli kuwa ya uongo bila kuigusa, na mabadiliko ya msimbo yalikaguliwa na watu wawili, na sentensi hakuna aliyeikagua. Orodha ya mabadiliko husomwa na mtu anayetaka kujua kilichobadilika. Mtu anayetaka kunakili faili husoma ukurasa wa kunakili faili.

Haya yote niliyaandika, na hayakumsogeza hata shubiri moja. Kilichomsogeza ni jaribio. Sakinisha programu kwenye folda tupu, ifungue, izime kabisa, ifungue tena. Andika mauzo kumi. Bila kuizima, nakili duka.db peke yake kwenye folda nyingine, ifungue nakala kwa zana ya sqlite3, hesabu mauzo: sifuri. Ukitaka kujua sababu, andika "PRAGMA journal_mode;" na jibu litakuwa "wal". Ile hatua ya kuzima na kufungua mwanzoni si ya mapambo. Bila hiyo hata majedwali yenyewe huenda yakawa bado kwenye rafu, nakala itatoka tupu kabisa, na msomaji atadhani umekosea kusakinisha. Mtunzaji wa pili alilifanya jaribio hilo nyumbani kwake, akapata sifuri, akaifungua ripoti tena.

Hapo ugomvi ukahamia kwenye maneno. Mimi nilipendekeza aya nzima, yenye maelezo ya rafu na leja. Wakaikata, wakisema kila onyo linaloongezwa hupunguza wasomaji wa onyo lililotangulia. Sikuipenda hoja hiyo, na bado naiona nusu kweli. Nikapendekeza amri ifanyayo kazi hata programu ikiwa wazi:

sqlite3 duka.db ".backup nakala.db"

Amri hiyo husoma leja pamoja na rafu na kutoa faili moja kamili. Wakasema, sawasawa, kwamba watumiaji wengi wako kwenye Windows, ambako zana hiyo haiji yenyewe, lazima ipakuliwe kando. Nikauliza kwa nini wasiweke kitufe, maana programu imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, na Python tangu toleo 3.7 la mwaka 2018 ina njia ya kufanya kazi hiyohiyo kutoka ndani. Jibu likawa lile la siku zote: lete kiraka, yaani kiandike wewe mwenyewe utuletee. Sikukileta. Muda wa kulalamika nilikuwa nao, wa kuandika kitufe cha watu wote, wenye kompyuta za kila aina, sikuwa nao, na najua hivyo ndivyo walivyo nao pia.

Baada ya siku 19 ikapita sentensi moja: zima programu kabla ya kunakili faili la data. Nikafurahi mpaka nilipofungua ukurasa wenyewe na kuikuta sentensi ya zamani palepale. Nyaraka zao hujengwa kwa kila toleo kivyake, na marekebisho yangu yaliingia kwenye nyaraka za toleo lijalo, ambalo lilikuwa halijatoka. Toleo alilokuwa nalo Ami, na kila mtu mwingine wakati huo, liliendelea kusema nakili tu. Nikaomba sentensi irudishwe nyuma kwenye toleo lililopo. Wakakataa, kwa kuwa tawi la zamani, yaani toleo lililokwisha kutoka, hupokea marekebisho ya usalama peke yake. Nikauliza kama data kupotea si usalama. Hapo hatukuelewana, na mpaka leo naona walikosea. Kurekebisha maandishi hakuvunji msimbo wa mtu yeyote. Yangekuwa madai ya kugusa programu yenyewe, ningewaelewa.

Huku dukani tukawa tunajenga upya siku tatu. Mauzo ya taslimu tuliyapata kwenye kitabu cha risiti, ile nakala ya kaboni, na ya M-Pesa tukayapata kwenye simu. Mali kauli tulipiga simu mmoja mmoja. Wengi walikiri wenyewe. Wawili walikumbuka korja chache kuliko Ami alivyozikumbuka.

Nikabandua karatasi ya kwanza, nikabandika ya pili: "1. Funga programu. 2. Nakili duka.db kwenye flashi. 3. Fungua programu." Nikarudi baada ya wiki kuangalia, maana nakala ambayo haijawahi kufunguliwa haihesabiki kuwa nakala. Nikaifungua ya jana yake kwenye laptopu yangu. Ilikuwa nyuma siku mbili.

"Ami, hukufunga programu."

"Nimefunga."

"Hebu nionyeshe ulivyofunga."

Akabofya ile alama ya msalaba pembeni mwa brauza. Dirisha likatoweka. Na programu ilikuwa hai, kwa sababu haikai kwenye brauza. Brauza ni kioo tu cha kuiangalia. Yenyewe hukimbia nyuma, na alama yake ndogo hukaa chini kulia karibu na saa. Nikamwambia lakini Ami, hilo nilikueleza siku ile ya kwanza nilipokusakinishia. Akanitazama juu ya miwani.

"Na kwenye karatasi liko?"

Halikuwepo. Funga, kwake, ni unachofanya kwa mlango, kwa duka, kwa dirisha. Dirisha alikuwa amelifunga.

Karatasi ya tatu tuliiandika pamoja, yeye akisema na mimi nikiandika, pale kaunta, huku wateja wakipekua leso. "Bofya kulia alama ya programu karibu na saa, chagua Toka. Hesabu mpaka kumi. Fungua folda ya data. Ukiona faili duka.db-wal, programu bado i hai: usinakili, rudi mwanzo. Ukiona duka.db peke yake, nakili." Hilo la mkia ndilo kipimo cha kweli, kwa kuwa SQLite ikifungwa ipasavyo huhamisha rafu yote kisha hulifuta faili lake, na mtu huliona kwa macho bila kujua chochote kuhusu kurasa 1000. Niliwatumia watunzaji sentensi hiyo pia. Waliikubali usiku uleule, bila neno, kwa toleo lijalo.

Nilipopita tena mwezi uliofuata, kijana wa kaunta alikuwa ameongeza kitu juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, kikifunika kichwa nilichokichapa: MKIA UMETOKA?