Mama Aliyenihoji Djugu

Jumamosi binti anayenisaidia nyumbani alimwaga Jik nyingi kwenye ndoo ya mashati ya shule, harufu ikapanda mpaka chumbani. Mwingine angekumbuka hospitali. Mimi nilikumbuka lango la kambi moja kando ya Barabara ya Taifa namba 27, mkoani Ituri, mashariki mwa Kongo (DRC), Julai 2019. Ulikuwa mwaka wa Ebola. Huingii popote bila kunawa maji ya klorini na kuelekezewa kipimajoto kwenye paji la uso kama bastola.

Kupeana mikono kulikatazwa. Kwa mtu aliyelelewa Morogoro hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Unafika kwa waliofiwa, unasimama mbali kidogo, mikono umeificha nyuma, unasema pole kwa mdomo tu.

Nilikuwa nikifanya kazi Bunia, mji mkuu wa Ituri, katika timu ya Umoja wa Mataifa iliyokusanya ushahidi wa mauaji. Mwezi mmoja kabla, mapigano yalikuwa yamewaka upya Djugu, eneo moja la Ituri, na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilikadiria kwamba watu zaidi ya 300,000 wamekimbia makwao ndani ya majuma machache. Wengine walipanda mitumbwi wakavuka Ziwa Albert kuingia Uganda, kama walivyofanya wenzao mwanzoni mwa 2018. Waliobaki walijibanza kwenye viwanja vya kanisa, mashuleni, na kwenye kambi kama hii: turubai juu ya fito, matope katikati.

Kazi yetu kambini ilikuwa kuuliza. Nani alikufa, wapi, lini, kwa silaha gani, nani alifanya, ulijuaje. Unamhoji mtu peke yake, mbali na masikio ya jirani. Unaanza kwa kujitambulisha, unamwambia hakuna malipo, hakuna ahadi, anaweza kukataa sasa hivi au katikati ya maneno. Unamwomba ridhaa. Jina lake haliingii kwenye ripoti. Halafu unatoka hapo kwenda kuwatafuta wengine wasiomjua wala kuongea naye, muuguzi wa zahanati, padre, mchuuzi aliyepita njia ile siku ile, uone kama habari zinakutana. Mtu mmoja akisema, hiyo ni habari uliyopewa. Bado hujaithibitisha.

Saa huulizi. Nilijifunza mapema kwamba ukiuliza "ilikuwa saa ngapi" utapewa saa, kwa heshima, na itakuwa ya kubuni. Unauliza watu walikuwa wanafanya nini. Kina mama walikuwa wamekwenda maji? Ng'ombe walikuwa wameshatolewa? Hapo unapata alfajiri ambayo haina ubishi.

Wakati huo nilikuwa najiona mjuzi. Wenzangu wengi walihitaji mkalimani, mimi nilikaa tu nikaongea, ingawa watoto walicheka Kiswahili changu wakasema ninaongea kama redio.

Siku hiyo tulikuwa na msafara wa askari wa Bangladesh, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, na kamanda wao alishatuambia saa ya kugeuza, maana kulala njiani hakukuwa na mjadala. Nikaletewa mama mmoja, mtu mzima, wa miaka sitini na kitu, kitenge kimefungwa juu ya sweta la kiume. Alikuja na mjukuu wa miaka sita aliyebeba kidumu cha njano kisicho na mfuniko. Tulikaa nyuma ya choo kipya ambacho hakijaanza kutumika, ndipo palipokuwa na faragha. Kabila lake sisemi. Ukishalisema, msomaji anachagua upande kabla hajasikia habari.

Alisimulia vizuri, bila kulia. Alimpoteza mwanawe na mkwewe, yaani baba na mama wa huyo mtoto. Ndipo nikaanza kazi yangu.

"Ulikuwa umbali gani, mama?"

Akaonyesha mti.

"Kulikuwa na mwanga?"

"Mwezi ulikuwepo."

"Ulijuaje kwamba ni mapanga?"

Alinyamaza. Akanitazama kuanzia viatu. Maneno yake nayaandika kwa Kiswahili cha kwetu, la sivyo nitayaharibu.

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo, mama."

"Mbona unauliza kama mtu anayejua jibu, anatega nikosee?"

Nikamweleza. Kwamba simkatalii. Kwamba wapo watakaokataa, wakubwa waliokaa mbali, na maswali haya nayauliza mimi leo ili wao wasipate pa kuingilia. Maelezo haya nilikuwa nimeyatoa mara nyingi na huwa yanatosha. Yeye akatingisha kichwa, akasogeza kiti chake cha kukunja karibu, hatua ile ya Ebola ikafutika.

"Sawa. Sasa na mimi niulize. Karatasi hiyo inakwenda wapi?"

"Bunia."

"Halafu?"

"Kinshasa."

"Halafu?"

"Geneva. Na New York."

"Huko wanafanya nini nayo?"

"Wanasoma."

"Halafu?"

Kalamu nilikuwa nayo mkononi, nikaanza kuifunga na kuifungua. Nikasema ripoti ikitoka serikali inaulizwa, Baraza la Usalama linasikia, wakati mwingine mahakama inafungua jalada.

"Yule kijana niliyekutajia, ukikutana naye pale barabarani, utamkamata?"

"Hapana, mama. Sina mamlaka ya kukamata."

"Askari wako hao?"

"Si wangu. Nao hawatamkamata kwa sababu ya daftari langu."

"Basi kazi yako hasa ni ipi?"

"Kuandika."

Akacheka. Alicheka kwa sauti, mpaka mwanamke aliyekuwa anapepeta unga upande wa pili akachungulia. Hakukuwa na dharau ndani yake, nadhani. Alicheka kama unavyocheka ukigundua kwamba mgeni uliyemwogopa kumbe naye ametumwa tu.

Kisha akasema: "Wakati wa Artemis pia walikuja watu na madaftari."

Nilishtuka. Artemis ni jeshi la Ulaya lililoongozwa na Wafaransa, lililoshuka Bunia kuanzia Juni mpaka Septemba 2003, vita vya kwanza vilipofikia kilele. Ituri watu huhesabu miaka kwa jina hilo. Kwa hiyo mama huyu alishawahi kukaa hivi, mbele ya mtu kama mimi, miaka 16 nyuma. Alisema yule wa kwanza alikuwa mwanamume, alikuwa na mkalimani, aliandika habari za mumewe na ng'ombe wake. Aliandika kwa wino wa bluu. "Daftari lake liko wapi?"

Hapo nilikuwa na jibu, au nilidhani ninalo. Tarehe 8 mwezi huohuo wa Julai, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague ilikuwa imemtia hatiani Bosco Ntaganda, aliyekuwa kamanda wa waasi, kwa mashtaka yote 18, kwa mambo yaliyotendeka Ituri 2002 na 2003. Jina lile huko halitamkwi ovyo. Kuna nyumba ambamo ni la mwuaji na nyumba ambamo ni la aliyewaokoa. Kwa hiyo sikulitaja. Nilisema tu kwamba madaftari ya wakati ule hayakupotea yote, na mwezi huu kuna mkubwa mmoja wa vita vile amehukumiwa kwamba ana hatia.

Hakuuliza nani. Alianza kuhesabu vidole, akavimaliza, akaanza upya.

"Kumi na sita."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikiongeza kumi na sita sitakuwepo." Alisema kama mtu anayepanga mazao ya msimu. Akamvuta mjukuu kwa mkono wa sweta. "Basi liandike jina la huyu. Jibu likija, mumpe yeye."

Kamanda alikuwa anaonyesha saa yake kwa mbali. Fomu yetu ilikuwa na nafasi ya aina ya tukio, mahali, idadi, jinsia, umri, anayetuhumiwa. Nafasi ya mtu wa kupelekewa jibu haikuwepo. Nilimweleza tena kuhusu majina na usiri, kwamba jina la mtoto hasa ni la kulindwa. Akasikiliza mpaka mwisho, akarudia: "Liandike."

Nikaliandika pembeni ya ukurasa, na umri wake. Akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akanisahihisha herufi moja, ingawa yeye mwenyewe alisema hajui kusoma. Alisikia tu kwamba nimelitamka kigeni.

Yaliyofuata ni ya haraka. Muuguzi alithibitisha, na wengine wawili, mbali na hapo. Daftari likafungiwa kabatini Bunia kama yote. Januari 2020 ripoti ya Umoja wa Mataifa kuhusu Djugu ikatoka: watu wasiopungua 701 wameuawa kati ya Desemba 2017 na Septemba 2019, 168 wamejeruhiwa, na baadhi ya matendo yanaweza kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Niliisoma usiku mmoja nikijua kwamba wawili kati ya wale 701 ninawafahamu kwa majina. Ntaganda alikuwa ameshapewa miaka 30. Mama sikumwona tena. Kambi ile ilihama, na barabara ikafungwa, ikafunguliwa, ikafungwa.

Watu huniuliza kama kazi ile ilisaidia. Huwa nawajibu kutegemea ninavyojisikia siku hiyo. Kuna siku nasema bila madaftari ya 2003 hukumu ile isingekuwa nyepesi kupatikana. Kuna siku namsikia akiuliza "halafu?"

Mtoto yule, kama yuko salama, mwaka 2035 atakuwa na miaka 22. Kabla ya kupanda gari nilimwachia bibi yake namba ya simu, nikaiandika kubwa kwenye kipande cha boksi la biskuti, akaikunja akaiweka kifuani. Laini ile ilikuwa ya ofisi. Mkataba ulipoisha niliirudisha pamoja na kitambulisho na fulana ya kuzuia risasi, nikasaini, na sasa sijui anaishika nani.